Chati ya Kuzaliwa ya Kichina: Ya Kuulizia, Si ya Kujibia

Tumfikirie mwanamke aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 20 Januari 1990, saa mbili asubuhi. Ukimuuliza yeye ni mnyama gani katika nyota za Kichina, huenda akakujibu Farasi, kwa sababu orodha zinazosambazwa kwenye simu na kalenda za ukutani huuandika mwaka 1990 kuwa wa Farasi. Kwake si kweli. Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa tarehe 27 Januari mwaka ule, na wanajimu wanaotumia chati kamili huuanza mwaka karibu na tarehe 4 Februari, jua linapofika kwenye alama iitwayo lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua. Kwa hesabu zote mbili bado yumo katika mwaka 1989, mwaka wa Nyoka. Na huyo Nyoka mwenyewe ni herufi moja tu kati ya nane alizonazo.

Chati kamili huitwa bazi. Ina nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina herufi mbili. Juu kuna shina moja kati ya mashina kumi ya mbingu, na chini tawi moja kati ya matawi kumi na mawili ya ardhi. Wale wanyama tunaowajua ni lakabu za matawi hayo. Mashina na matawi huandamana hadi zitimie jozi 60, kisha hesabu ikaanza upya. Mzunguko huu ni wa kale mno: umo kwenye mifupa ya kutabiria iliyofukuliwa Anyang, mji mkuu wa mwisho wa enzi ya Shang, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Zama zile mashina kumi yalikuwa majina ya siku katika juma la siku kumi. Pwani yetu nayo iliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, na mabaharia walijua pepo zinageuka mwongo wa ngapi. Kalenda ndiyo iliyotangulia. Kusoma maisha ya mtu mmoja mmoja ndani yake kulikuja baadaye sana.

Mapokeo ya fani hii yanamtaja Xu Ziping, wa takriban miaka elfu moja iliyopita, kuwa ndiye aliyehamisha kitovu cha chati kutoka mwaka kwenda siku. Hadi leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake. Mwaka ulimweka mtu ndani ya ukoo na rika lake. Siku ilimtenga, akawa yeye. Kwa mtu anayetaka kujitafakari, sioni mageuzi makubwa kuliko hayo.

Chati ya mwanamke wetu inasomeka hivi: mwaka Ji Si, mwezi Ding Chou, siku Yi You, saa Geng Chen. Shina lake la Siku ni Yi, yaani Mti wa upande wa yin: mmea laini, nyasi, ua, kitu kinachotambaa na kujishikiza. Huyo Yi ndiye "mimi" wa chati. Herufi saba zilizobaki hazisomwi kama sifa zake. Zinasomwa kama mahusiano yake, na hapa ndipo ninapoipenda bazi kuliko safu za nyota za magazetini, zile zinazokwambia kuwa wewe ni mkaidi au mkarimu na kukuacha hapo.

Mahusiano hayo ni matano, na yanatokana na mwendo wa Mti, Moto, Udongo, Chuma na Maji. Maji hulisha Mti, Mti huwasha Moto, Moto huacha majivu yakawa Udongo, Udongo huzaa Chuma, Chuma huzaa Maji. Upande wa pili kuna kudhibitiana: Mti hupenya Udongo, Udongo huzuia Maji, Maji huzima Moto, Moto huyeyusha Chuma, Chuma hukata Mti. Kwa hiyo ukisimama mahali popote kwenye mzunguko huo, una kinachokuzaa, unachokizaa, unachokitawala, kinachokutawala, na kinacholingana nawe. Kwa mtu wa Mti, Maji ni yale yanayomlea: mama, walimu, elimu, mahali pa kupumzika. Moto ni anachokitoa: kauli, kazi ya mikono yake, ubunifu, watoto. Udongo ni anachokishika na kukisimamia, yaani mali. Chuma ni kinachombana: sheria, mwajiri, wajibu, hofu ya kukosea. Mti mwenzake ni ndugu, marafiki na washindani. Vitabu vya kale vilimwandika mke wa mtu upande wa mali na mume upande wa mamlaka. Hayo ni mawazo ya jamii iliyoviandika, na mtu wa leo ana haki ya kuyaacha hukohuko.

Sasa hesabu herufi za mwanamke wetu. Udongo upo mara tatu, Moto mara mbili, Chuma mara mbili, Mti ni yeye peke yake, na Maji hayaonekani kabisa juu ya chati. Yamefichika ndani ya matawi ya Chou na Chen, lakini hilo hulijua aliyeingia ndani kidogo. Programu nyingi za simu zitamwambia "unakosa Maji", na wachuuzi watamletea bangili, rangi ya samawati na chemchemi ndogo ya kuweka sebuleni. Imani ya kuziba pengo ni ya zamani: katika hadithi ya Lu Xun ya mwaka 1921 iitwayo Guxiang, Runtu alipewa jina lenye neno la udongo kwa sababu chati yake ilipungukiwa na udongo. Mimi namshauri mwanamke huyu asinunue chochote. Achukue daftari aandike: Nani ananilea siku hizi? Mara ya mwisho nilijifunza kitu kipya kwa nani? Ninapochoka nakimbilia wapi? Kisha ahamie kwenye Chuma: amri zinazonibana ni zipi, na zipi kati ya hizo nilizikubali mwenyewe?

Kwa nini nasema aulize, asitafute jibu? Kwa sababu chati hii hii inasomwa kwa namna mbili zinazopingana. Si, You na Chou zikikutana, wanajimu huzihesabu kuwa umoja wa Chuma. Tena Yi na Geng ni jozi inayoungana, na muungano wao ni wa Chuma pia. Kundi moja la wasomaji litasema: huyu ni mmea dhaifu uliozingirwa na shoka, aokolewe kwa Maji na Mti. Kundi la pili litasema mmea umekwisha kujisalimisha, asili yake sasa ni Chuma, na kumletea Mti zaidi ni kumvuruga. Wote wana vitabu, wote wana wateja, na ushauri wa mmoja ni kinyume cha ushauri wa mwingine. Mtu akiamua kuacha kazi au ndoa kwa usomaji wa namna hiyo, ameamua kwa bahati ya mlango aliobisha.

Suala la majira linanigusa zaidi, maana linatuhusu sisi moja kwa moja. Miezi ya bazi imepangwa kwa majira ya China, huko ambako mwezi wa Chou, kuanzia tarehe 5 au 6 Januari, ni wa baridi kali na udongo ulioganda. Kitabu mashuhuri cha Qiongtong Baojian hushughulikia kila shina kwa kila mwezi, na mmea wa Yi katika Chou kwanza hutafutiwa joto la jua. Lakini mwanamke wetu alizaliwa Dar es Salaam katika joto la kaskazi, watu wakitafuta kivuli. Wapo wanajimu wanaogeuza miezi kwa waliozaliwa kusini mwa ikweta, na wapo wanaokataa katakata. Dar iko karibu nyuzi saba tu kusini mwa ikweta. Hata ukiigeuza miezi, baridi hiyo ya kugandisha udongo hutaipata. Mfumo uliojengwa juu ya theluji na kuchipua haumjui mtu wa masika na vuli.

Chati, basi, haikujui. Naiona sifa hiyo kuwa ndiyo faida yake. Tukiachwa tujitafakari wenyewe, huwa tunarudia maswali tunayoyapenda: mwenye kinyongo na bosi wake ataandika kurasa nzima juu ya bosi, mwenye shida ya fedha ataandika fedha. Chati hukuwekea mbele swali ambalo hukulichagua. Haijali kama unataka kuzungumzia mama yako. Inakuuliza habari za Maji, nawe unalazimika kukaa na swali hilo.

Hatari iliyopo ni kuona kila neno linakuhusu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake peke yake. Wote walipewa maandishi yaleyale, ambayo sehemu kubwa yalitoka kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa mitaani. Wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Ndiyo sababu nasisitiza uandike majibu yako kabla ya kusoma tafsiri yoyote. Kisha tengeneza chati ya tarehe isiyokuhusu, isome kana kwamba ni yako. Nayo ikikufaa vilevile, maneno yake ni mapana mno, na hujajifunza chochote juu yako.

Hesabu nayo isaidie kutuliza. Miaka 60, miezi 12, siku 60 na saa 12 za Kichina huzaa chati 518,400. Duniani huzaliwa takriban watoto milioni 130 kwa mwaka, hivyo katika kila saa mbili za saa zetu huzaliwa karibu watoto 30,000 wenye chati moja. Wachina wenyewe waliliona tatizo la namna hii mapema. Katika vita vya Changping, mwaka 260 kabla ya Kristo, wanahistoria wa kale wanasema waliangamia askari wa dola ya Zhao wapatao laki nne; Wang Chong, mwanafalsafa wa karne ya kwanza, alijadili ingewezekanaje wote wawe na ajali moja.

Mtu anapoichukua chati kuwa hukumu, madhara ni ya kweli. Japani mwaka 1966 ulikuwa wa Farasi wa Moto, mwaka ambao imani ya kale husema wasichana waliozaliwa humo huleta balaa kwa waume zao. Vizazi vikashuka kutoka takriban milioni 1.82 mwaka 1965 hadi milioni 1.36. Mwaka 2026 ni Farasi wa Moto tena. Huko Marekani, David Phillips na wenzake walichapisha mwaka 1993 katika jarida la Lancet utafiti juu ya Wamarekani wenye asili ya China. Waliona kuwa wenye ugonjwa ambao mila huuhusisha na mwaka wao wa kuzaliwa walikufa mapema kwa miaka 1.3 hadi 4.9, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walioshikamana sana na mila. Wapo waliokuja kuyapinga matokeo hayo. Hata hivyo, mgonjwa asiambiwe kamwe kwamba mapafu yake yameandikiwa kushindwa, na kijana asikataliwe uchumba kwa herufi mbili zilizogongana.

Msomaji Mwislamu au Mkristo ambaye imani yake inamkataza kutaka kujua ghaibu ana sababu nzito, nami siombi aiweke kando. Yale mahusiano matano hayahitaji nyota yoyote. Anaweza kuyachukua kama maswali matupu, aanze na lolote, aiache kalenda kwa wenyewe.

Anayetaka kuitumia chati, namshauri aufuate mzunguko wa siku 60. Siku ya mwanamke wetu, Yi You, ilirudi tarehe 21 Machi 1990 na imekuwa ikirudi hivyo tangu hapo, kama mara sita kwa mwaka. Siku hiyo akae na daftari lake, ajibu maswali yale matano bila kutazama majibu ya nyuma, ndipo afungue kurasa za mzunguko uliopita na alinganishe. Siku 60 zinatosha jambo kubadilika, na bado ni chache kiasi kwamba anakumbuka alichokuwa anakificha. Aandike pia yale yanayoipinga chati: kama alilelewa vizuri na walimu wengi huku chati ikisema hana Maji, hilo liandikwe kwa wino uleule.

Imebaki saa ya kuzaliwa, inayowasumbua wengi. Saa ya Kichina ina saa mbili zetu, na ya kwanza huanza saa tano usiku. Hufuata jua la mahali, si saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa nyuzi 45 mashariki, wakati Dar iko karibu nyuzi 39. Jua lake huchelewa dakika kama 23, na kufikia tarehe 20 Januari huongezeka nyingine 11 hivi. Mwanamke wetu wa saa mbili kamili yuko salama ndani ya Chen. Angezaliwa saa moja na dakika ishirini, jua lingemweka katika Mao, na nguzo yake ya nne ingekuwa Ji Mao, bila Geng wala ule muungano wa Chuma unaowagombanisha wasomaji. Ikiwa mama yako anakumbuka tu kwamba jogoo walikuwa wamekwisha kuwika, usibuni saa. Acha nguzo ya nne wazi, utumie herufi sita. Li Xuzhong, afisa wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 813 na kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa fani hii, aliandikiwa wasifu wa kaburini na mwandishi Han Yu, na katika kueleza usomaji wake Han Yu anataja mwaka, mwezi na siku.