Kumpiga Picha Sungura wa Bustanini

Wasikilizaji, huko Kwamsisi katika Handeni, kama katika vijiji vingi vya Uzigua, mwenye bustani ya kunde aweza kuamka asubuhi akakuta majani machanga yamekatwa. Mara hulaumiwa sungura, na mitego hutegwa. Lakini mwizi aweza kuwa paa, au ndezi. Leo nataka kueleza namna ya kumpiga sungura picha, maana picha njema ni shahidi, tena hutufunza tabia za mnyama ambaye wengi wetu twamjua katika hadithi tu.

Kwanza tumjue mwenyewe. Sungura wa porini si wa aina moja na sungura wafugwao vibandani, ambao asili yao ni Hispania na Ureno. Hao wa asili ya Ulaya huchimba mashimo, na watoto wao huzaliwa uchi, macho yamefumba. Sungura wetu wa porini hachimbi. Mchana hujilaza majanini, na watoto wake huzaliwa wana manyoya, macho wazi. Hutoka kula magharibi, usiku na alfajiri. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hata huona karibu pande zote pasipo kugeuka.

Kisha litazame shina lililoliwa. Paa hana meno ya mbele ya juu, basi huvuta na kuchana. Sungura anayo makali, hukata kama kwa kisu. Ndezi naye hukata vivyo hivyo. Kwa hiyo shina peke yake halitoshi, yatakiwa picha.

Kwa nini kamera iwe chini? Mtu apigaye picha hali amesimama hupata mgongo na udongo tu, na kwa kuwa rangi zake zakaribiana, mnyama hupotea kama bonge la udongo. Kamera ikiwa sawa na jicho la sungura, nyuma yake huwa miti ya mbali au anga. Vitu vya mbali hufifia pichani, naye huonekana dhahiri: masikio, macho, hata ndevu. Tena mtu aliyelala chini hamtishi sana kama aliyesimama.

Basi fanya hivi. Mchana chagua mahali karibu na njia yake, ukague nyasi vizuri, maana kifutu na siafu hawana habari ya picha yako. Ondoa majani yaliyo mbele ya lenzi. Fika mapema kabla ya magharibi, upepo ukivuma kutoka kwake kuja kwako, na jua likiwa nyuma yako au ubavuni. Lala kifudifudi, viwiko ardhini, uwe na kamera au simu yenye kamera. Elekeza lenzi kwenye jicho lake. Akiketi, sehemu ya 125 ya sekunde yaweza kutosha; akikimbia, yafaa sehemu ya 500 au chini yake. Ukikuta watoto wake, usiwaguse wala usiwachukue. Hawakutupwa, mama yao huwarudia gizani kuwanyonyesha.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Mjerumani Carl Georg Schillings aliwapiga picha wanyama usiku karibu na Kilimanjaro kwa mwanga wa unga wa magnesi, na mwaka 1905 kitabu chake kilichapishwa Leipzig. Watu wa Ulaya walistaajabu kuwaona wanyama wakiwa hai katika mambo yao, si ngozi na pembe tu.

Picha ikimwonyesha sungura katika kunde, zungushia bustani ua wa miiba, uliobanana sana chini, maana huko ndiko apitako. Ikimwonyesha mwingine, utajua ua wako uwe wa namna gani, nawe utakuwa umemwokoa asiye na hatia katika mtego.