Mafuriko Ambayo Mto Tana Unayahitaji

Kati ya Masinga na Kiambere, Mto Tana umefungwa kwa mabwawa matano. Kindaruma ilitangulia mwaka 1968, Kiambere ikaja ya mwisho, 1988. Mabwawa hayo yana uwezo wa takriban megawati 600, na sijasikia mtu makini akitaka yabomolewe. Linalotusumbua sisi wa ikolojia ya mito ni namna ya kuyafungulia.

Kwa kawaida serikali huweka kiwango cha chini cha maji ili mto usikauke. Ni jambo jema, ila halitoshi. Tana ya chini ilizoea kupanda mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wa vuli, na maji yakivuka kingo yalikuwa na kazi nyingi. Wapokomo walipanda mpunga kwenye udongo uliolowa. Malisho ya delta yalichipua, na kiangazi kikikaza Waorma waliteremsha ng'ombe huko. Kambare waliingia mabondeni kutaga. Msitu wa kandokando ya mto, wanamoishi mbega wekundu na mangabe wa Tana wasiopatikana kwingine duniani, ulipata maji yaliyozama ardhini. Hata mchanga mpya uliomwagwa kingoni ulikuwa kitalu: miche ya mpopla wa Tana huota hapo. Mto unaotiririka kwa kiwango kilekile mwaka mzima haufanyi hata moja kati ya hayo. Na kule Ozi, karibu na mdomo wake, mto ukipungua nguvu maji ya chumvi hupanda hadi mashambani.

Cha ajabu, mafuriko mabaya hayajaondoka. Bwawa likijaa halina pa kuweka maji mengine, ndiyo maana El Niño ya 1997 ilipita na kusomba vijiji. Kilichopungua ni mafuriko ya wastani, yale yenye faida. Kwa maoni yangu, mkulima wa Garsen, huko Tana ya chini, amepunjwa mara mbili.

Dawa mojawapo ni kufungulia maji kwa makusudi, kwa msimu na kwa onyo la mapema. Tana ina bahati hapa. Chini ya Kiambere huingia Mutonga na Kathita kutoka Mlima Kenya, zikiwa bado na tope lao, ilhali tope la juu hutuama Masinga. Bwawa likifunguliwa siku zilezile mito hiyo imefura, maji machache kutoka bwawani hutosha kuvusha kingo. Yakipitia kwenye mitambo huzalisha umeme vilevile. Hasara ni akiba ya miezi ya ukame, nayo inaweza kupigiwa hesabu.

Zambia walilifikiria hili mapema. Bwawa la Itezhi-Tezhi, la miaka ya 1970, liliongezewa ujazo ili kila Machi liachie mita za ujazo 300 kwa sekunde kwa ajili ya Nyanda za Kafue. Utekelezaji ulilegalega, lakini uwezo ulikuwamo tangu kwenye michoro.

Kenya nayo imepanga bwawa jingine, High Grand Falls, chini ya Kiambere. Litazuia maji ya Mutonga pia. Ukubwa wa milango yake ya kufungulia maji uamuliwe sasa, wakati bado ni mistari kwenye karatasi, na wakazi wa Tana River wawepo unapoamuliwa.