Mazulia Mbinga: ugomvi na mteja unavyokula faida ya fundi

UDONGO mwekundu wa Mbinga hauna likizo. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na vyote viwili huishia kwenye zulia la sebuleni. Udongo huo ndio unaowapa riziki vijana wanaofua mazulia kwa mashine ya presha, wengi wao katika sehemu zile zile za kuoshea magari. Mtaji unaotakiwa si mkubwa: mashine, maji ya uhakika, sakafu ya saruji yenye mteremko, fito imara za kuanikia na sabuni. Hata hivyo, biashara hii hufa mapema, na mara nyingi kinachoiua si uhaba wa kazi bali ugomvi na wateja.

Tufanye hesabu ya mfano. Zulia la mita mbili kwa tatu, fundi akitoza sh. 2,000 kwa mita ya mraba, ni sh. 12,000. Akiondoa sabuni, maji, umeme na ujira wa msaidizi, tuseme amebakiwa na sh. 5,000. Zulia hilo likichuja rangi na mwenyewe akadai sh. 150,000, fundi atalazimika kufua mazulia 30 ya ukubwa huo ili kufidia moja. Kwa hiyo mwekezaji mdogo anayetaka kuingiza fedha zake hapa aulize mazulia mangapi yanaingia kwa wiki, halafu aulize pia ni mangapi yanatoka bila kelele.

Doa la zamani

Ugomvi unaoongoza ni wa kitu ambacho fundi hakukifanya. Zulia linaletwa likiwa limejaa vumbi kiasi kwamba hata maua yake hayaonekani. Likishafuliwa, ndipo linapojitokeza doa la chai la mwaka juzi, alama ya pasi, au upande uliopauka kwa jua la dirishani. Mwenye mali anashtuka kwa dhati kabisa, kwa kuwa hata yeye alikuwa amesahau. "Kaka, mimi nilikuletea zulia zima," anasema, na fundi hana cha kujibu.

Dawa yake inajulikana: zulia likunjuliwe mbele ya mteja kabla ya kutaja bei, lipimwe, na daftarini viandikwe vipimo, rangi, matobo, madoa na hali ya kingo, kisha mteja atie sahihi. Picha ya simu huongeza nguvu. Mbona basi wengi hawafanyi? Sababu si uvivu peke yake. Fundi mara nyingi ni kijana, na mteja ni mzee wa mtaa, mwalimu aliyemfundisha, au mama mwenye nyumba ya wageni. Kukagua zulia la mkubwa mbele yake huonekana kama kumshuku. Wanaofanikiwa ni wale waliojifunza kulisema jambo hilo kwa heshima: "Shikamoo mama. Njoo tulitazame pamoja, nisije nikakuharibia." Mama mwenyewe ndiye atakayeonyesha matobo.

Rangi nayo ipimwe hapo hapo. Kitambaa cheupe kinaloweshwa maji ya sabuni, kinabanwa kwa dakika chache kwenye kila rangi nzito, hasa nyekundu, nyeusi na bluu. Kikitoka na rangi, mteja ajue kabla maji hayajamwagwa, aamue mwenyewe. Uzi mmoja uliong'olewa pembeni na kuchomwa hueleza mengine: sufi hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, wakati uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kama shanga. Tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Uzi wa plastiki haunyonyi maji, hukauka upesi, lakini hauvumilii moto. Sufi hunyonya maji mengi na huharibiwa na jiki. Yupo mteja anayesimama juu ya kichwa cha fundi akiamuru, "Tia jiki, litoke hilo doa." Fundi akitii, zulia likiharibika, lawama haitaenda kwa aliyeamuru.

Hapa pasemwe pia upande wa pili. Baadhi ya hao wanaoitwa wakorofi wana haki. Yapo mazulia yanayorudishwa yakiwa na sabuni ndani, yakikanyagwa yanateleza, na baada ya wiki mbili yamenasa uchafu kuliko mwanzo. Mteja wa namna hiyo akirudi, kumfulia tena bila malipo ni gharama ndogo kuliko kumwacha akasimulie sokoni. Na pale ambapo fundi ndiye aliyeharibu, mazungumzo ya fidia yaanzie kwenye thamani ya zulia lililotumika, si bei ya jipya dukani.

Desemba ndiyo mtihani

Mbinga iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kahawa huchumwa miezi ya kiangazi, jua likiwapo. Lakini wateja hawaleti mazulia kwa kufuata jua. Huyaleta wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, wote kwa pamoja, na kila mmoja anataka lake kesho. Zulia nene lililokunjwa likiwa bichi huanza kunuka uvundo ndani ya siku moja au mbili, na harufu hiyo haifichiki kwa manukato.

Fundi anayeogopa kupoteza kazi husema "kesho" kwa wote. Neno hilo moja huzaa wateja wakorofi wengi kuliko madoa yote. Mwenye busara huhesabu fito zake, akajua kwa siku ya mawingu anaweza kukausha mazulia mangapi, akifikisha idadi anafunga daftari na kutoa tarehe ya baada ya sikukuu. Atakayenuna aende kwingine. Akipata lake likiwa bichi huko, Januari atarudi.

Kahawa ikilipwa

Mkopo ni suala zito zaidi. Katika msimu wa 1994/95, makampuni binafsi yaliporuhusiwa kununua kahawa, mkulima aliweza kulipwa taslimu papo hapo. Kuanzia msimu wa 2018/19 serikali ilielekeza kahawa ya wakulima wadogo ipitie vyama vya msingi na kuuzwa mnadani, na fedha ikawa inasubiri mnada. Ahadi ya "nitakulipa kahawa ikilipwa" kwa hiyo si lazima iwe ya ujanja. Mtu anaweza kuwa na magunia ghalani na asiwe na sh. 12,000 mfukoni.

Lakini fundi ajue anachokubali. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961, inamtaka mtu aliyepokea mali ya mwenzake aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza yake. Sheria hiyo hiyo inampa aliyeifanyia mali hiyo kazi ya ujuzi haki ya kuishikilia mpaka alipwe ujira wake, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye mtego. Ukishakubali kulipwa mwisho wa msimu, umekubaliana vinginevyo, na huna tena sababu ya kulizuia zulia leo. Ukilikabidhi, umebaki na daftari la madeni tu. Na haki ya kushikilia si haki ya kuuza: fundi anayelipiga bei zulia lililokaa miezi mitatu anajitafutia kesi.

Kwa wengi njia nyepesi ni nusu ya malipo wakati wa kupokea. Mteja aliyekwisha kutoa sh. 6,000 hulifuata zulia lake.

Ziwani hesabu ni nyingine

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kama kilomita 66, imekwisha kuunganisha milima na pwani ya ziwa. Pwani hiyo iko chini sana kuliko Mbinga, joto lake ni kubwa na zulia hukauka mapema. Tatizo la huko ni mchanga. Hushuka mpaka kwenye shina la uzi, na ukimwagiwa maji kabla ya kukung'utwa hugeuka uzito ambao watu wawili hawauinui.

Mwenye nyumba ya wageni hulipia mita za mraba. Haoni saa mbili za kukung'uta. Analeta mazulia kumi, anataka bei ya jumla, na anayataka kabla wageni wa Ijumaa hawajafika. Fundi wa Mbinga anayeifukuzia kazi hiyo huweka nauli ya kwenda na kurudi, akasahau mchanga, akasahau pia kuuliza zulia likipotea au kulowa njiani ni la nani. Wanaoijua kazi hiyo hutoza kukung'uta kama kazi ya peke yake, huandika jina la atakayepokea mzigo kila upande, na punguzo la jumla hulitoa kuanzia safari ya pili, ile ya kwanza ikiwa imekwisha kulipwa.