'Unayozungumza' au 'unazozungumza'? Vitufe vya fomu navyo vinataka sarufi

Mwezi uliopita, kikundi cha vijana wanaojifunza kuunda programu za kompyuta mtaani Kawangware kilinialika nikague Kiswahili cha fomu waliyokuwa wameitayarisha. Fomu yenyewe ilikuwa ya kuwasajili watoto kwa masomo ya jioni mtaani humo na katika mtaa wa Kibera, ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Hujazwa kwenye simu. Majibu ya swali moja kuhusu lugha ndiyo yangeamua ni vitabu vya hadithi vya lugha gani vingetafutwa. Nilidhani nimeitwa kusahihisha tahajia tu.

Swali hilo liliandikwa hivi: "Chagua lugha unazozungumza nyumbani." Chini yake palikuwa na orodha: Kiswahili, Kikuyu, Kiluhya, Dholuo, Kikamba, Kinubi. Kando ya kila jina palikuwa na kiduara cha kubonyeza. Mvulana mmoja, ambaye babake ni Mluhya na mamake Mkikuyu, alibonyeza Kiluhya, kisha Kikuyu. Kiluhya kikafutika. Alirudia mara tatu, halafu akamgeukia kijana mwenye simu: "Brathe, simu yako iko na shida. Nikifinya hii, ile ingine inatoka."

Ningeweza kumsahihisha kwamba ni "nyingine" wala si "ingine". Hata hivyo, aliyoyasema yalikuwa maelezo kamili ya kilichokuwa kikitendeka.

Waunda programu wana aina mbili kuu za vitufe vya kuchagulia. Ya kwanza ni viduara kama vile vya Kawangware. Hivi hufanya kazi kwa kundi, na kundi lina sharti moja: kimoja tu ndicho kinachoweza kuwashwa kwa wakati mmoja. Waingereza huviita vitufe vya redio, jina lililotokana na redio za zamani za magari. Ukibonyeza kitufe cha stesheni moja, kile kilichokuwa kimezama kiliruka juu chenyewe. Aina ya pili ni visanduku vya mraba vinavyotiwa alama ya tiki. Kila kisanduku hujitegemea, na unaweza kutia alama kimoja, vitano au vyote. Aina zote mbili zimo katika kiwango cha HTML kilichochapishwa mwaka wa 1995, kwa hivyo si mambo ya juzi.

Kundi la viduara lenyewe halionekani kwenye skrini. Hupangwa na mwunda programu. Katika kurasa za wavuti, viduara huwa kundi moja kwa kupewa jina moja ndani ya programu. Katika lugha ya Java, huingizwa katika kitu kiitwacho ButtonGroup, ambacho kazi yake ni kuhakikisha kwamba kimoja kikiwashwa, vingine vinazimika. Mwunda programu akisahau kuvipanga katika kundi, mtu ataweza kuchagua Kibera na Kawangware kwa pamoja, kana kwamba analala katika nyumba mbili usiku mmoja. Na akinakili swali la mtaa ili atunge swali la lugha, kisha asahau kubadilisha jina, maswali mawili yatakuwa kundi moja: ukichagua lugha, mtaa wako unafutika. Mpenzi wa sarufi hatashangaa. Hata katika sentensi, viambishi vya upatanisho ndivyo vinavyotuonyesha ni maneno yapi yanayoandamana.

Basi kosa la fomu ile lilikuwa wapi? Maneno yaliahidi wingi ilhali vitufe viliruhusu umoja. "Lugha" ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Umbo lake halibadiliki: lugha moja, lugha sita. Kinachotofautisha umoja na wingi ni kiambishi kilicho katika kitenzi. "Lugha unayozungumza" ni moja. "Lugha unazozungumza" ni zaidi ya moja. Silabi -zo- ilidai visanduku, lakini vijana walikuwa wameweka viduara. Nilipowauliza, mmoja wao alicheka: "Mwalimu, sisi husema tu 'lugha unaongea home'." Kweli, katika mazungumzo ya Nairobi -yo- na -zo- hudondoshwa, na tofauti ya idadi hutoweka pamoja nazo.

Viduara viliondolewa, visanduku vikawekwa. Nilirudi nyumbani nikijipongeza.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Makina, Kibera, kuijaribu fomu. Makina ni makao ya Wanubi wengi, jamii ambayo lugha yake ndiyo iliyoupa mtaa huo jina: kibra, yaani msitu. Nyanya mmoja aliyekuwa akimsajili mjukuu wake alisoma swali kwa utulivu, akatia tiki kwenye Kiswahili, akaturudishia simu. Muda wote tuliokaa naye alikuwa akizungumza na mjukuu huyo kwa Kinubi.

"Na Kinubi je, nyanya?" nikamuuliza.

"Si mmeniuliza lugha?" akajibu. "Nimewapa lugha."

Alikuwa na haki. Visanduku vilimruhusu kuchagua zaidi ya moja, lakini hakuna kilichomwambia hivyo ila silabi moja niliyoitegemea mno. Majibu ya namna hiyo yangekuwa mengi, orodha ingeonyesha kwamba Makina hapana mtoto anayezungumza Kinubi nyumbani, na hakuna ambaye angehangaika kutafuta hadithi za Kinubi. Lugha ambayo haikuhesabiwa huchukuliwa kuwa haipo.

Tatizo hili halihusu lugha pekee. Nomino nyingi zinazopendwa katika fomu ni za ngeli hiyo hiyo: kazi, siku, shule, simu, dawa. Hebu fikiria fomu ya zahanati inayosema "Chagua dawa" na kuweka viduara. Mgonjwa anayemeza dawa mbili ataandikiwa moja.

Lipo pia tatizo la upande wa pili. Waunda programu hupenda kuandika agizo moja na kulirudia katika kila swali. "Chagua moja" linafaa kwa lugha, lakini likiwekwa chini ya swali la mtaa linaharibika, kwa sababu ni mtaa mmoja. Kwa kitabu ni kimoja, kwa ua ni moja tena. Idadi katika Kiswahili haiwezi kusimama bila kujua inahesabu nini.

Tulipata suluhisho katika neno la kawaida kabisa: jibu. Nomino hii ni ya ngeli ya LI-YA, na wingi wake huonekana waziwazi: jibu, majibu. Isitoshe, inafaa swali lolote. Penye viduara tuliandika, "Chagua jibu moja tu." Penye visanduku tuliandika, "Chagua majibu yote yanayokuhusu. Unaweza kuchagua zaidi ya moja." Viduara navyo vina kasoro yake: kwa kawaida ukishabonyeza kimoja huwezi kurudi katika hali ya kutochagua chochote. Kwa hivyo tuliongeza kimoja cha mwisho: "Sitaki kujibu."

Kazi ya kuvipa vitufe na menyu majina ya Kiswahili ilianza zamani. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Istilahi tunazo, na nyingine zinaendelea kubuniwa. Tunachopuuza ni sentensi fupi zinazokaa juu ya vitufe, ambazo aghalabu hutafsiriwa bila mtafsiri kuonyeshwa kama chini yake pana viduara au visanduku. Mtafsiri na aonyeshwe skrini, si orodha ya maneno tu. Naye mwunda programu na ampe mtu wa mtaani fomu hiyo aijaze kabla ya kuitangaza.

Tuliporudi Makina na fomu mpya, yule nyanya alitia tiki Kinubi, kisha Kiswahili. Akamuuliza mjukuu kama anajua kingine. Mtoto akabonyeza Dholuo, lugha ya marafiki zake wa Kisumu Ndogo. Nyanya akamtazama kwa mshangao: hakuwa na habari.