Mafuta yasiyokauka humla seremala faida

Seremala anayekabidhi meza ikiwa bado inanata hujitafutia hasara. Mteja ataichafulia nguo, atairudisha, na kazi itaanza upya.

Wengi hudhani mafuta ya mbegu za kitani hukauka kama maji juani. Sivyo. Huvuta oksijeni iliyo hewani na kugeuka utando mgumu. Yakipakwa mengi, juu hushika ngozi na chini hubaki mabichi.

Hakikisha mbao ni kavu. Paka kidogo kwa kitambaa, subiri dakika 15 hadi 30, kisha futa yote yasiyonywewa na mbao. Acha siku moja au zaidi kabla ya mkono wa pili, mahali penye joto na hewa ya kutosha. Msimu wa mvua, ongeza siku. Mafuta ya nazi au mawese usitumie, kwani hayafanyi utando.

Meza ikishanata, isugue kwa kitambaa chenye tapentaini, kisha iache penye hewa.

Tahadhari: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa hupata joto na huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje au vitumbukize majini kabla ya kufunga karakana.