Jumamosi Moja Kiwanjani Jinja

Gofu ni mchezo wa saa nyingi, na saa za askari si mali yake. Wenzetu wa zamu mwalijua hilo. Wiki iliyopita tulikuwa kazini tangu alfajiri hadi usiku, tukiandaa ziara ya wakubwa. Siku ya Ijumaa mama watoto alitukumbusha, kwa upole uliotuuma kuliko karipio, kwamba kijana wetu hajatuona kwa siku nne: tunatoka amelala, tunarudi amelala.

Nasi tulikwisha kumwahidi rafiki yetu, afisa wa polisi aliyepata uhamisho kwenda Moroto, kwamba tutacheza naye Jumamosi kabla hajaondoka. Tungefanyaje? Tulikwenda na kijana, akatubebea fimbo.

Kiwanja cha Jinja kina sheria yake: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji huruhusiwa kuuokota na kuuweka kando bila adhabu, maana viboko hupanda usiku kutoka majini kuja kula nyasi. Kijana alizitafuta nyayo hizo kwa bidii kuliko mipira yetu. Tulishindwa vibaya (afande yule hana huruma). Jioni tulikula sote nyumbani. Jumapili alfajiri rafiki yetu alipanda basi, nasi tukarudi zamu.