Mdudu Ndani ya Kuyu

  Aliye na Biblia karibu na afungue kitabu cha nabii Amosi, sura ya 7, mstari wa 14. Aliye jikoni au shambani asijisumbue. Asikilize tu, nami nitamweleza.

Pale Amosi anamjibu kuhani wa Betheli. Anamwambia kwamba hakuzaliwa katika nyumba ya manabii. Kazi yake ilikuwa mifugo na mikuyu. Nilipokuwa chuo cha theolojia tuliupita mstari huu mbio mbio, tukikimbilia mambo ya haki na hukumu. Hakuna aliyenyosha mkono kuuliza: je, mtu hufanya kazi gani kwenye mkuyu? Mahindi hupaliliwa, kahawa hukatwa matawi. Mkuyu wa kando ya mto nani amewahi kuupalilia?

Basi leo tuulize. Na tuanze na tunda lenyewe.

Sisi tuliokulia karibu na mto twajua desturi: ukiokota kuyu lililoiva unalipasua kwanza, unapuliza wadudu, ndipo unakula. Tulipokuwa watoto tulidhani ni uchafu, kama funza katika mahindi yaliyooza. Sivyo hata kidogo. Kama si mdudu yule, mkuyu ule usingekuwapo hapo.

Kuyu si tunda kama chungwa lilivyo tunda. Ni mfuko uliojaa maua madogo sana, mamia kwa mamia, yote yakitazama ndani. Ndiyo sababu hujaona mkuyu umechanua. Maua yake yamefichwa gizani. Nyuki hawezi kuyafikia, wala kipepeo, wala upepo. Pana kijitundu kimoja tu, upande ulio mkabala na kikonyo, nacho kimezibwa kwa magamba yaliyobanana.

Anayepita hapo ni nyigu, lakini si huyu nyigu wa darini anayetuuma. Huyu ana urefu wa milimita 2 hivi, mdogo kuliko mbu. Wataalamu humwita Ceratosolen arabicus. Maua yakiwa tayari, kuyu hutoa harufu, naye jike huifuata. Anajisukuma katikati ya yale magamba, na njia ni nyembamba mno hata mabawa yake hukatika. Akiisha kuingia hana tena safari nyingine. Humo ndani anataga mayai katika baadhi ya maua, na huku anatoa chavua, ule unga wa maua, katika vijimfuko viwili vilivyo kifuani pake, akiipaka juu ya maua. Hakumwagikiwa na unga huo kwa bahati kama nyuki. Aliupakia mwenyewe alikotoka. Mambo ya vijimfuko hivyo yalielezwa katika miaka ya 1960 na wataalamu wawili wa Israeli, Galil na Eisikowitch, waliokuja kuchunguza mikuyu ya huku kwetu Afrika Mashariki. Nyigu amalizapo kazi, anafia mle mle.

Maua yaliyopata yai huwa chumba cha mtoto wa nyigu. Yaliyopata chavua bila yai huwa mbegu. Mkuyu kwa hiyo hulipa sehemu ya mbegu zake kuwa karo ya kulea wana wa mgeni wake.

Baada ya majuma kadhaa madume hutoka kwanza. Hawana mabawa. Hupandana na majike yakiwa bado vyumbani mwao, kisha kwa meno yao hutoboa njia katika ukuta wa kuyu. Wengi huanguka nje, na siafu na sisimizi wanawangoja. Dume hufa bila kuruka hata mara moja, na njia aliyoitoboa hupitwa na wengine. Majike hujaza vile vijimfuko chavua mbichi, hutoka kwa tundu hilo, na huwa na siku moja au mbili tu za kuishi. Katika muda huo ni lazima wapate mkuyu mwingine wenye makuyu yaliyo tayari kupokea, maana kwa kawaida ya mti wa nyumbani yamekwisha iva yote pamoja.

Je, watafika wapi wadudu wadogo namna hii? Mwaka 2009 watafiti walitoa habari za mikuyu iliyo kandokando ya mto Ugab, katika jangwa la Namibia. Walipima uzazi wa miche na kuona kwamba chavua ilikuwa imebebwa wastani wa kilomita karibu 90, na wakati mwingine 160. Hiyo ni karibu sawa na safari ya Nairobi hadi Nakuru, kwa mdudu asiyejaa ukucha. Huinuka juu, upepo ukamchukua.

Yuko pia mwenzake, Ceratosolen galili, anayefanana naye sana. Huyu naye huingia kwa mlango ule ule, hutaga mayai, hata vijimfuko anavyo. Lakini habebi kitu ndani yake. Wana wake hulelewa kwa gharama ya mti, na mti haupati mbegu kwake. Niliposoma habari hizo niliinamisha kichwa, maana nimekwisha kuvaa kanzu nyeupe Jumapili nyingi nikiwa hali hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa Amosi. Katika nchi yake mkuyu umekuwapo tangu zamani, na Misri pia, ambako walichonga majeneza ya wafu kwa mbao zake. Lakini nyigu wetu huyu hayuko kule. Yuko mwingine anayetaga tu, asiyepeleka chavua. Kwa hiyo mkuyu wa Israeli na Misri hauzai mbegu. Kila mti ulichomekwa kwa mkono wa mtu kutoka tawi la mti mwingine. Na kwa kuwa makuyu yale yangejaa wadudu kabla ya kuiva vizuri, watu walipanda juu na kisu, wakalichanja kila kuyu likiwa bado bichi. Likichanjwa huvimba na kuiva kwa siku chache tu, kabla mdudu hajamaliza kukua. Tafsiri ya kale ya Kiyunani yaonyesha kwamba ndiyo kazi ya Amosi: mchanjaji wa makuyu, tunda moja moja. Ni chakula cha maskini, na kazi ya kuchosha mikono. Zakayo alipopanda mkuyu kule Yeriko, yamkini ulikuwa mti uliopandwa na mikono ya namna hiyo.

Ndugu zangu, sina budi kusema neno la nyumbani. Katika kanisa la kwanza nililotumwa nikiwa kasisi kijana, palikuwa na mkuyu mkubwa karibu na kijito. Wazee wa zamani walikuwa wakitolea sadaka chini yake, na baadhi ya Wakristo wakaona haya. Mwaka 2010 halmashauri ya kanisa ilikutana. Mama mmoja mzee alisimama akasema, "Kasisi, mti huu haukumwomba mtu amwabudu. Na hondohondo watakula wapi mwezi ambao hakuna tunda lingine?" Nilimjibu kwa mistari ya Biblia, mingi kuliko iliyohitajika. Msumeno ukaja Alhamisi. Ndege alizozitaja sikuziona tena pale, wala popo, wala tumbili waliokuwa wakitusumbua.

Baadaye nilisoma kitabu cha marehemu Wangari Maathai, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006. Asimulia mti mkubwa wa jamii hii karibu na kwao Nyeri, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Kitabu kilikuwa kimekwisha chapishwa kabla ya mkutano wetu. Mimi sikuwa nimekisoma.

Mwaka 2013 nilirudi kwa yule mama kuomba radhi. Hakusema mengi. Alinipa panga, akanionyesha mkuyu ng'ambo ya bonde, akasema tukate tawi nene kama mkono. Tukalichomeka pale pale kijitoni. Likashika.

Mwaka 2023 ulizaa makuyu ya kwanza. Yalianguka yote mabichi. Niliyapasua kadhaa, hamkuwa na kitu. Nyigu hawakuwa wamefika. Mama alisema tungoje, wako njiani. Aliaga dunia mwaka uliofuata. Juzi mjukuu wake aliniletea kuyu moja jekundu, akalipasua kwa kidole mbele yangu, na wadudu wadogo wakatoka wakapanda juu ya kiganja chake, wakaruka.